Shika Ukingoni, Mjukuu Wangu

Wajukuu zangu mnaokusanya muziki hapa Kamina, haya ya kutunza CD nimeshayasema nje ya kanisa, nimeyasema kwenye matanga, nimeyasema sokoni mbele ya meza za wauza CD. Bado mnaniletea diski yenye alama za vidole vilivyotoka kwenye samaki na bukari, ugali wetu, mkiuliza, "Kambo, mbona inarukaruka?" Sina hasira. Hasira inahitaji nguvu, na zangu zilizobaki nazitumia kutembea hadi stesheni na kurudi. Nitarudia tena, polepole, na safari hii kwa maandishi, ili anayesikia kwa sikio moja asome kwa macho mawili.

Kwanza tukumbushane tunacholinda. Wageni wanaijua Kamina kwa reli, njia panda ya kwenda Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, na kwa kambi ya jeshi. Lakini mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alianzisha hapa hapa kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu 15 wa Shule Kuu ya Kamina. Wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kwao ikatoka Missa Luba, misa yenye maneno ya Kilatini na sauti na ngoma za kwetu. Kyrie yake ilifuata mtindo wa kasala, maombolezo ya Waluba. Machi 1958 iliimbwa katika misheni ya hapa Kamina, na mwaka huo huo kwaya ikazunguka Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, Philips wakaitoa kwenye santuri. Miaka kumi baadaye Lindsay Anderson akaitia Sanctus ya misa hiyo kwenye filamu yake "if....", na vijana wa Uingereza wakaanza kuulizia Kamina iko wapi.

Waimbaji wale hawakusoma noti. Waliimba kwa kukubaliana na kubuni papo kwa papo, na kilichoandikwa kwenye karatasi kiliandikwa baadaye. Wengi wao wametangulia. Kilichobaki cha pumzi zao ni rekodi. Wakenya wa Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, waliiimba upya na CD yao ikatoka mwaka 1990. Nzuri sana, lakini ni koo za Nairobi. Nyimbo za Waluba na Wakanyok alizozirekodi Hugh Tracey mwaka 1952 na 1957 zimetolewa kwenye CD na kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP. Franco na Tabu Ley, wanamuziki wetu wa Kongo, walirudishwa sokoni kwa CD za Sonodisc za Paris. Muziki ulitoka kwetu, ukahifadhiwa kwa wenzetu, sasa unarudi ndani ya begi la mjomba aliyeshuka kutoka Brussels. Halafu wewe unaufutia shati.

Sasa sikilizeni CD yenyewe ilivyo, maana makosa yenu mengi yanatokana na kutojua wimbo umekaa wapi.

Upana wake ni sentimita 12, unene wake milimita 1.2. Karibu unene wote huo ni plastiki angavu. Juu ya plastiki, upande wa picha na maandishi, kuna utando wa alumini mwembamba kiasi kwamba ukiinua diski mbele ya taa kali unaweza kuona mwanga kwa mbali. Juu ya alumini kuna rangi ya kuilinda, nyembamba nayo, kisha ile picha ya msanii. Wimbo umechapwa kwenye mpaka wa plastiki na alumini. Kwa hiyo upande unaong'aa, ule mnaoulinda kama mboni ya jicho, ndio wenye ngao ya zaidi ya milimita moja. Upande wa picha, ule mnaouweka chini juu ya saruji mkidhani mmeokoa muziki, ndio wenye ngao nyembamba kuliko unywele.

Nimelisema hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Kwaruzo la upande wa chini huenda likasafishika. Kwaruzo la upande wa juu likifika kwenye alumini limeondoa wimbo wenyewe, na hakuna fundi wa Lubumbashi wala wa Tokyo atakayeurudisha. Mkitaka kujua kama diski yenu imefikwa na hilo, ishikeni mbele ya taa, upande wa picha ukiwaelekea ninyi, na mtafute vitobo vya mwanga. Kitobo kimoja kidogo mashine itakivuka. Vikiwa mlolongo, au kipande kizima kimebanduka, anza kumtafuta mwenye nakala.

Chini ya ngao hiyo wimbo umepangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje. Kati ya mzunguko na mzunguko kuna mikroni 1.6 tu. Unywele wa kichwa chako ukilala pale umevuka mizunguko zaidi ya thelathini. CD iliyojaa, ile ya dakika 74, mstari wake ukinyooshwa unazidi kilomita 5. Kwa kuwa mwanzo uko katikati, wimbo wa kwanza uko karibu na tundu na wa mwisho uko nje. Diski ya dakika 40 haifiki hata karibu na ukingo. Ndiyo maana nawaambia shikeni ukingoni. Mara nyingi pale hapana kitu.

Mtaniuliza: kama mistari ni myembamba hivyo, iweje diski yenye vumbi ipige? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloniweka macho usiku. Kwanza, mwale wa leza unapoingia kwenye plastiki una upana wa karibu milimita 0.8, halafu unakusanyika hadi kuwa chini ya mikroni 2 unapofika kwenye alumini. Chembe ya vumbi iliyokaa juu ya plastiki inaziba sehemu ndogo tu ya mwale mpana, na kivuli chake hakifiki chini kikiwa kamili. Pili, wahandisi wa Philips na Sony walitumia hesabu ya Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, iliyochapishwa mwaka 1960. Fikirieni mtu wa Kamina anayetaka habari ya msiba ifike Lubumbashi. Hampi msafiri mmoja. Anawagawia watano wa treni ile ile, kila mmoja kipande chake na kidokezo cha kipande cha mwenzake. Mmoja akishushwa Bukama kwa homa, mwingine akasinzia akashukia Tenke, watatu waliobaki wanakaa chini wanaijenga habari yote. Ndivyo sauti ilivyotawanywa kwenye CD. Pengo la milimita mbili na nusu kwenye mstari linajazwa kikamilifu, bila kupungua hata chembe. Likizidi hapo, mashine inaanza kukisia: inaangalia sauti ya kabla na ya baada, inaweka kitu cha katikati, na sikio la kawaida halitambui. Likizidi tena, hapo ndipo mnaposikia tiki, kimya, au ule mruko mnaoniletea mlangoni.

Mmeona tatizo lilipo? Kaseti ilikuwa inalalamika mapema. Ikianza kuchakaa ilivuma, ikapunguza nyuzi za juu za gitaa, nawe ukapata mwaka mzima wa kuandaa nakala. CD hailalamiki. Inajazia, inakisia, inaficha, inapiga vizuri kabisa huku mikwaruzo ikiongezeka, mpaka siku pengo linapozidi uwezo wake. Siku hiyo inaonekana imeharibika ghafla, na wewe unaapa kwamba jana ilikuwa nzima. Haikuwa nzima. Ilikuwa inakusitiri. Mwaka 1982 mashine za kwanza zilipoanza kuuzwa Japani, na baada ya hapo Ulaya, kampuni zilitangaza sauti kamilifu ya milele. Aliyeandika tangazo lile hajawahi kukaa Kamina mwezi Agosti.

Naam, Agosti. Kuanzia Mei hadi Septemba hatuna mvua, pori linachomwa, lori moja likipita vumbi jekundu linasimama hewani mpaka lori la pili lifike. Vumbi hilo linaingia dirishani, linaingia kwenye sanduku la CD lililopasuka bawaba, linakaa. Likikaa tu halina neno. Ubaya unaanza mnapochukua kitambaa kikavu mkafuta kwa kuzungusha. Ndani ya vumbi letu mna mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki ile. Hapo hamfuti, mnapiga msasa. Tena mnapiga msasa kwa mwelekeo mbaya kuliko yote, maana kwaruzo la kuzunguka linaufuata mstari wa wimbo na kuula kwa urefu, milimita baada ya milimita, wakati kwaruzo lililonyooka kutoka tundu kwenda ukingoni linaukata mstari mara moja tu kila mzunguko, pengo dogo ambalo mashine inalijaza bila jasho. Nimeona diski yenye makovu saba yaliyonyooka ikipiga bila kukosea, na nyingine yenye upinde mmoja wa urefu wa ukucha haitoki kwenye wimbo wa tatu.

Basi oshea maji. Maji safi ya vuguvugu au ya baridi, yaliyochujwa kama yametoka kisimani, yamiminike juu ya diski mpaka mchanga uondoke wenyewe kabla hujagusa kitu. Kama kuna mafuta ya vidole, tone moja la sabuni ya maji, ile ya vyombo, lipakwe kwa ncha ya kidole, kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Suuza. Kung'uta. Kausha kwa pamba laini iliyofuliwa mara nyingi, fulana ya zamani inafaa sana. Kitenge kipya hapana, bado kina wanga. Hapo pia mkono uende kutoka tundu kwenda ukingoni, usizunguke. Usianike juani. Diski zile za kuchoma nyumbani, zenye rangi ya kijani au buluu chini, zisilowekwe. Zipite majini haraka na kukaushwa.

Petroli hapana. Thina hapana. Asitoni ya kufutia rangi ya kucha hapana kabisa: plastiki ile inapasuka nyufa ndogondogo na kuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto. Dawa ya meno najua mtanitajia, kwa sababu kila mtu ana binamu aliyefanikiwa. Inafanya kazi wakati mwingine, kwa kuwa ni msasa laini sana unaolainisha kingo za kwaruzo ili mwale usitawanyike. Lakini ni msasa. Ipake kwenye diski iliyokwisha kukataa, upande wa chini, kwa kunyoosha, halafu uoshe. Usiipake kwenye diski inayopiga kwa sababu tu imekuudhi kwa sura.

Kabla ya yote hayo, chunguza kama mgonjwa ni diski au mashine. Jambo dogo hili vijana hawalifanyi. Diski moja ikirukaruka na nyingine zote zikipiga, tazama diski. Zote zikirukaruka, acha diski zako kwa amani, lenzi ya leza imejaa vumbi, moshi wa makaa na masizi ya koroboi. Lenzi ile ni kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya hindi, kimeshikiliwa na nyuzi za chuma nyembamba mno, na kinapanda na kushuka kufuata diski inavyoyumba. Zima mashine, ichomoe umeme, kisha kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tu alkoholi ya duka la dawa, iliyo safi, kipite juu yake bila kukandamiza. Safi, nimesema. Kuna mjukuu wangu mmoja alitumia lutuku, pombe kali ya kienyeji. Lutuku ina maji na ina mambo mengine ambayo aliyeipika mwenyewe hayajui. Inapokauka inaacha ukoko. Lenzi ikawa na ukungu, na nusu chupa iliyobaki sikuambiwa ilikwenda wapi. Msiwashe mashine ikiwa wazi mkaitolea macho. Mwale ule hauonekani kwa jicho, na jicho halitajua limeumia.

Niseme juu ya diski za sokoni. Nyingi mnazonunua si za kiwandani. Ni za kuchoma kwa kompyuta, nyimbo mia na zaidi za MP3 kwenye diski moja, na jina limeandikwa kwa kalamu. Hizi zina udhaifu wa aina yake. Badala ya mashimo yaliyochapwa kiwandani zina utando wa rangi uliounguzwa na leza, na rangi hiyo inachujuka juani. Ukiiacha diski ya namna hiyo kwenye dashibodi ya gari msimu mmoja wa kiangazi, usishangae. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawawaambii: ile kazi ya kukisia niliyoisimulia inafanyika kwa CD ya muziki ya kawaida tu. Faili la kompyuta halikisiwi. Diski ya MP3 ina hesabu ya ziada ya kusahihisha makosa, ni kweli, lakini hesabu ikishindwa hakuna kujazia; mashine inasimama pale pale, inazunguka, inakoroma, na unaweza kupoteza wimbo mzima kwa kwaruzo ambalo CD ya kawaida ingelivuka. Kuandika kwa biki ngumu juu yake ni kuchonga utando wa metali kwa nyuma. Kubandika karatasi ya gundi juu yake ni kuifanya iyumbe inapozunguka, na inazunguka kati ya mara 500 na 200 kwa dakika, kasi ikipungua kadiri leza inavyokwenda nje.

Sitawatisha kwa magonjwa ya kigeni, ila mawili myajue. Kiwanda cha PDO kule Blackburn, Uingereza, kilitoa CD kati ya mwaka 1988 na 1993 ambazo rangi yake ya kinga haikuvumilia salfa ya karatasi za vijitabu. Zikawa za kahawia kuanzia ukingoni, na kahawia ile inapofika kwenye wimbo ndio mwisho. Ukikuta diski yako ina rangi ya shaba ambayo haikuwa nayo, inakili leo, kuosha hakutasaidia. Na mwaka 2001 mtafiti wa Madrid, Javier Garcia-Guinea, alieleza juu ya CD kutoka Belize, nchi ya joto na unyevu, ambayo kuvu ilikuwa imeingia kwa ukingo ikala plastiki na alumini. Mimi nawaambia hivi: masika msizifungie CD kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Zisimamisheni wima ndani ya masanduku yake, mbali na ukuta unaotoa jasho, mbali na bati linalochoma, na miguu ya kabati iwekwe mbali na mchwa, kwa kuwa mchwa hasikilizi muziki lakini vijitabu anavisoma vyote.

Kuna anayecheka akisoma hapa. "Kambo, mambo yote yako kwenye simu." Franco yuko kwenye simu, nakubali, siku yenye mtandao, siku yenye vocha, siku yenye umeme wa kuchaji. Lakini Franco hanitii wasiwasi. Dunia nzima inamtunza Franco. Ninaowaza ni kwaya za hapa, za Wakatoliki na za Wamethodisti, zilizorekodi pasaka moja, zikachoma diski chache, zikagawana, zikasahau. Hizo haziko kwenye simu ya mtu. Ziko kwenye droo, bila sanduku, uso kwa uso na kalamu, sarafu na funguo. Kwaya ya mwaka 1958 ilipata bahati ya kuwa na Philips. Hizi zina wewe.

Na kunakili si kazi kubwa. Kompyuta yenye kisoma CD, hata ya zamani, inatoa nakala iliyo sawa na asili tarakimu kwa tarakimu, ikiwa diski bado inasomeka. Chagueni faili lisilopunguza sauti. MP3 mtaitengeneza baadaye kwa ajili ya simu. Wekeni nakala mbili, sehemu mbili, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, kwa kuwa flashi nayo inakufa bila kuaga. Na diski ya asili msiitupe, msiitundike kwenye kioo cha teksi ing'ae. Nakala ikipotea mtairudia.

Sasa ombi langu, nikapumzike. Mwenye CD ya kwaya yoyote iliyorekodiwa Kamina, ya baba yake, ya shangazi yake, iliyokwaruzika au nzima, ailete niinakili kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Silipishi. Asiifute njiani, asiipake kitu, asiitie mfukoni pamoja na funguo. Na akifika, aniambie walioimba ni akina nani, maana kwenye diski hizo mara nyingi hata jina la mwimbaji hakuna.